Waziri Mkuu: Bosi au nyapara?

Wiki hii nimejiingiza kwenye ubishi usionihusu na mwisho wake nikajikuta nimefanywa hakimu. Kisa chenyewe kilianza hapa hapa Ibadakuli, kijiweni kwa muuza kahawa, asubuhi jua likiwa bado halijakasirika.

Kwa wasiokujua kwetu, Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga. Tuna vitu viwili vinavyotufanya tutembee kifua mbele. Cha kwanza ni uwanja wa ndege. Cha pili ni kile kituo kikubwa cha kupoza umeme chenye minara na nyaya kibao. Kigogo akija Shinyanga kwa ndege, vumbi la kwanza kulikanyaga ni la kwetu. Ndiyo maana hapa kijiweni kila mtu ni mtaalamu wa itifaki. Akihesabu mashangingi tu anakwambia huu ni msafara wa waziri, huu wa mkuu wa mkoa, na huu wa mkubwa zaidi.

Basi asubuhi hiyo kijana mmoja wa bodaboda akaanza: "Rais yuko juu kule, lakini mwenye nchi hasa ni Waziri Mkuu. Yule akikasirika, waziri anamwaga unga siku hiyo hiyo."

Mzee mmoja mstaafu, ambaye huwa haongei mpaka kikombe cha pili, akacheka. "Mjukuu wangu, Waziri Mkuu ni nyapara. Mwenye duara ni mwingine. Waziri hamfukuzi hata akimkuta amelala mezani."

Kelele zikaanza. Kreti ya soda ikawekwa rehani. Kijana akashika upande wake, mzee wake.

Tukiwa katikati ya vurugu, mama mmoja muuza vitumbua akatuuliza swali lililotunyamazisha. "Nyie wanangu mnabishania soda. Mimi nina kiwanja alichoniachia marehemu. Karatasi zangu zimezunguka ofisi moja mwaka wa tatu huu, kila siku njoo kesho, njoo kesho. Nimeshaandika bango. Siku Waziri Mkuu akipita hapa nalinyanyua. Sasa niambieni, ana nguvu ya kunisaidia au nitakuwa najianika juani bure?"

Hakuna aliyejibu. Wote wakanigeukia mimi, ati kwa kuwa ninaandika magazetini. Nikaomba siku tatu, nikaenda kutafuta kitabu cha Katiba. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

KITABU KINASEMAJE

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inamweka Waziri Mkuu katika ibara ya 51 mpaka 53A. Rais akishaapishwa ana siku 14 za kumteua. Hachukui yeyote amtakaye barabarani. Lazima awe mbunge wa kuchaguliwa kwenye jimbo, tena wa chama chenye wabunge wengi bungeni. Mbunge wa viti maalumu au wa kuteuliwa na Rais hapati nafasi hiyo. Jina likishatoka linapelekwa Bungeni na wabunge wanalipigia kura. Bila kuthibitishwa na wengi wao, haapishwi.

Mpaka hapo kijana wa bodaboda alikuwa anatabasamu. Mtu aliyepigiwa kura jimboni, akapigiwa tena bungeni, si mtu wa mchezo!

Ibara ya 52 ndiyo inataja kazi yake. Anadhibiti, anasimamia na kuhakikisha shughuli za Serikali zinatekelezwa kila siku. Pili, ni kiongozi wa shughuli za Serikali Bungeni. Tatu, anafanya jambo lolote ambalo Rais atamwagiza. Hilo la tatu, msomaji, lisome mara mbili.

Kisha inakuja ibara ya 53, inayosema Waziri Mkuu anawajibika kwa Rais. Na ibara ya 55 inasema mawaziri wote wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu. Kushauriana tu. Mwenye kalamu ni Rais, na aliyeteua ndiye anayetengua. Hata mwenyekiti wa Baraza la Mawaziri ni Rais mwenyewe. Asipokuwepo anakaa Makamu, na wote wawili wasipokuwepo ndipo Waziri Mkuu anapokalia kile kiti.

Mzee akagonga kikombe mezani. "Nilisema nini? Nyapara!"

Nikamwambia, babu, subiri kidogo. Kuna kifungu kingine kwenye ibara ya 57. Waziri Mkuu akijiuzulu, au kiti chake kikiwa wazi kwa sababu yoyote, mawaziri wote nao wanapoteza viti vyao. Kumfukuza waziri hawezi, lakini akianguka yeye, baraza zima linakwenda naye chini.

Wanaapolo wa Geita na Kahama watanielewa upesi. Duarani kuna mwenye duara, aliyetoa pesa. Kuna msimamizi, anayekaa mdomoni mwa shimo kutwa nzima, anajua nani ameshuka, kamba ipi imechoka, mawe mangapi yamekwenda kwenye karasha. Mawe yakitema dhahabu, sifa anapewa mwenye duara. Duara likititia, wa kwanza kuulizwa ni msimamizi. Mshahara ni wa usimamizi, lakini lawama ni za shimo zima.

KITI KILIFUTWA, KIKARUDI

Watu wengi wa rika langu wanadhani kiti hiki kimekuwepo siku zote. Wapi! Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Waziri Mkuu alikuwa Mwalimu Nyerere, na wakati huo hakukuwa na Rais. Wiki sita tu baadaye, Januari 1962, Mwalimu akajiuzulu ili akakijenge chama cha TANU, kiti akamwachia Rashidi Kawawa. Ilipofika tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri, Mwalimu akawa Rais, na kiti cha Waziri Mkuu kikafutwa.

Kwa karibu miaka kumi nchi ilikwenda bila Waziri Mkuu. Februari 1972 kikarudishwa, na aliyekalia ni yule yule Kawawa, Simba wa Vita, ambaye ujanani alipata pia kucheza sinema. Mwaka huo huo ndio ulioanza mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri zikavunjwa, kazi zikasukumwa mikoani na wilayani, na Ofisi ya Waziri Mkuu ikawa ndiyo jicho la kuitazama mikoa. Utaona basi kwamba Rais aliyekuwa na kila kitu mkononi alihitaji mtu wa kufuatilia mambo ya kila siku. Ikulu haiwezi kujua kwamba zahanati ya kijiji fulani haina dawa.

Aliyekifanya kiti hiki kiogopwe ni Edward Sokoine. Alikalia mara mbili, 1977 hadi 1980, kisha Februari 1983 mpaka alipofariki katika ajali ya gari mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akitokea Dodoma. Mwaka 1983 ndio ule wa vita ya wahujumu uchumi. Wazee wa hapa wanasimulia watu walivyotupa sabuni na vitenge maporini usiku kwa woga. Katiba haikumpa Sokoine nguvu kuliko wenzake. Alichokuwa nacho ni Rais aliyemwamini na kumwachia fimbo. Hapo ndipo siri ya kiti hiki ilipo. Maandishi ni yale yale, ila urefu wa kamba anaupima Rais.

Kamba hiyo inaweza kukatika pia. John Malecela aliingia 1990, akiwa Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais kwa pamoja. Mwaka 1993 wabunge 55 wakaleta hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika, na Serikali ikayumba. Mwalimu, ambaye alikuwa amekwisha ng'atuka, akaja juu akaandika kitabu kizima cha kuwalaumu waziwazi Malecela na Katibu Mkuu wa chama, Horace Kolimba. Desemba 1994 Mzee Ruksa akapanga upya baraza, Malecela akatoka na Cleopa Msuya akaingia.

SHINYANGA NDANI YA HADITHI

Mkoa wetu una sura yake kwenye habari hii ya kuwajibika. Miaka ya sabini watuhumiwa wa mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliteswa na wengine kufa mikononi mwa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani hakuwagusa watu wale kwa mkono wake. Hata hivyo alijiuzulu mwaka 1977. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, na miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi. Tangu hapo neno kuwajibika kwa Watanzania wengi lina harufu ya Shinyanga.

Kisha turudi kwenye zile nyaya zetu za umeme. Mwaka 2006 nchi ilikuwa gizani, mabwawa yamekauka. Ukasainiwa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Umeme wenyewe ukawa hadithi. Bunge likaunda kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ikasoma ripoti yake Februari 2008. Tarehe 7 Februari, Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza ndani ya Bunge kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Baraza zima likaenda na maji, kama kile kifungu kinavyotaka. Rais Kikwete akamteua Mizengo Pinda na kuanza kupanga mawaziri upya.

Lakini Msukuma hasahau mtu aliyempa maji. Lowassa huyo huyo, alipokuwa Waziri wa Maji kabla ya kuwa Waziri Mkuu, ndiye aliyesimama kidete mpaka maji ya Ziwa Victoria yakavutwa kutoka Ihelele, Misungwi, kuja Kahama na Shinyanga. Kulikuwa na mkataba wa mwaka 1929 kati ya Waingereza na Misri uliotufunga mikono kuhusu maji yanayokwenda Nile. Serikali ikasema hatukuusaini sisi, na bomba likalazwa. Alipofariki Februari 2024, hapa kijiweni watu walibishana Richmond, halafu mama mmoja akafungua bomba, ndoo ikajaa, ubishi ukaisha.

Pinda naye ana lake na kanda yetu. Hii ilikuwa miaka ya aibu, ndugu zetu wenye ualbino wakiwindwa kama wanyama. Januari 2009 Pinda alizunguka Kanda ya Ziwa, akafuta leseni za waganga wa jadi na kutamka kwamba anayekutwa akiwaua watu hao naye auawe. Bungeni wakambana: Waziri Mkuu anawezaje kuhimiza watu wajichukulie sheria mkononi? Akasimama kujieleza, na machozi yakamtoka mbele ya taifa zima. Wengine walimcheka mtoto wa mkulima, wengine wakalia naye. Mimi nasema pale tuliiona kazi ile ilivyo. Uovu umetendeka kijijini Usukumani, lakini anayesimamishwa Dodoma kuulizwa ni yeye, wala si Rais. Rais hakai bungeni kuulizwa maswali. Waziri Mkuu anakaa, na Alhamisi imekuwa ndiyo siku yake ya kuulizwa papo kwa papo, bila kupewa swali mapema.

Bunge lina rungu jingine pia, kura ya kutokuwa na imani. Asilimia 20 ya wabunge wakitia sahihi, wakampa Spika taarifa siku 14 kabla, hoja inaweza kuja. Ikipita kwa wingi wa wabunge wote, Waziri Mkuu ana siku mbili za kuondoka. Aprili 2012 Zitto Kabwe alikusanya sahihi zaidi ya 70 dhidi ya Pinda. Spika Anne Makinda akasema siku hazikutimia. Haikupigwa kura, lakini mwezi uliofuata Rais Kikwete aliwaondoa mawaziri kadhaa. Fimbo ilinyanyuliwa kwa Waziri Mkuu, wakachapwa wengine.

NAIBU WA KWETU

Tarehe 30 Agosti 2023 nusura kijiwe kipasuke kwa shangwe. Doto Biteko, mbunge wa Bukombe, akateuliwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Nishati. Bukombe siku hizi ni Geita, ila kabla ya mkoa wa Geita kuzaliwa mwaka 2012 ilikuwa Shinyanga hii hii. Tulisema mtu kwao!

Wachache walijua kwamba cheo hicho hakimo katika ibara zile za Waziri Mkuu. Kabla yake walikuwa wawili tu, Dk. Salim Ahmed Salim tangu 1986 hadi 1989, na Augustine Mrema aliyepewa na Mzee Ruksa mwaka 1993. Cheo kisichokuwa na ibara yake hutegemea hisani ya aliyekitoa. Baraza la Novemba 2025 lilipotangazwa, Naibu Waziri Mkuu hakuwemo. Waziri Mkuu alikuwa mpya pia, jirani yetu wa Singida, Dk. Mwigulu Nchemba, aliyempokea Kassim Majaliwa. Majaliwa alikaa karibu miaka kumi kamili, lakini rekodi ya kukaa mfululizo ikabaki kwa Frederick Sumaye, 1995 hadi 2005, aliyempita kwa wiki chache tu.

Zanzibar nao walikuwa na Waziri Kiongozi tangu 1983. Mwaka 2010, walipounda Serikali ya Umoja wa Kitaifa, wakakifuta na kuweka Makamu wawili wa Rais. Wakenya baada ya vurugu za uchaguzi walimpa Raila Odinga uwaziri mkuu mwaka 2008, serikali wakaibatiza nusu mkate, na katiba yao mpya ikakiacha cheo hicho kife 2013. Mwaka 2022 Rais Ruto akamwita Musalia Mudavadi Mkuu wa Mawaziri. Wafaransa wana Rais mwenye nguvu na Waziri Mkuu ambaye Bunge humtupa nje. Michel Barnier alidumu miezi mitatu tu, akaangushwa Desemba 2024. Kila nyumba na namna yake ya kumpima msimamizi.

HUKUMU YA KRETI

Siku ya tatu nikarudi kijiweni. Wote walikuwepo, hata yule mama na sinia lake.

Nikatoa mfano mmoja wa kufunga kesi. Novemba 2015 Majaliwa, akiwa na wiki moja tu kazini, alivamia bandari ya Dar es Salaam. Yakagundulika makontena 349 yaliyotoka bila kulipiwa kodi. Hapo hapo akawasimamisha kazi maofisa wa Mamlaka ya Mapato. Siku hiyo hiyo Kamishna Mkuu wa mamlaka hiyo naye akasimamishwa, lakini aliyemsimamisha ni Rais Magufuli. Umeona? Wa chini msimamizi anawamudu. Wa juu, aliyewekwa na mwenye duara, anangoja mwenye duara.

Kwa hiyo babu ameshinda kuhusu waziri. Ila neno nyapara nimelikataa. Nyapara hapigiwi kura ya kuthibitishwa, na nyapara akiondoka kazi haisimami. Huyu akiondoka serikali nzima inajipanga upya. Kijana naye kapata nusu yake. Kreti ikagawanywa, na soda ya kwanza ikaenda kwa mama wa vitumbua.

"Na bango langu?" akauliza.

Nikamwambia, mama, linyanyue. Kazi ya kufuatilia mambo ya kila siku ndiyo hasa kazi ya Waziri Mkuu, na ofisa anayekwambia njoo kesho anaogopa sana kutajwa jina mbele ya msafara ule. Akisema "Mkuu wa Mkoa, nipe taarifa," taarifa itaandikwa. Lakini mambo mawili. Kama shauri liko mahakamani, hata yeye hawezi kulipindua, usipoteze siku yako. Na ukimpa karatasi, usimpe ya asili. Toa nakala mbili, moja ipigwe mhuri wa kupokelewa ofisi ya mkoa, nyingine ibaki kwenye sanduku lako. Msafara huondoka na vumbi lake. Mhuri unabaki, na kwa mhuri ule unaweza kurudi kuuliza.

Mama akanitazama kitambo. "Ng'wanawane," akasema, "kumbe niliandika bango nikasahau kutoa kopi."

Mzee mstaafu, yule mshindi wa soda, akainuka bila kusema neno. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu moja. "Nenda kadurufu kabla mvua haijaja," akamwambia. Nilipowaacha, mama alikuwa anamwomba kijana wa bodaboda ampeleke mjini, na kijana alikuwa hajasema nauli.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.